Nuru ya Kwapa

Msafiri atokaye Malaba kwenda Tororo hupita Kwapa kwa haraka, macho yake yakiwa kwenye foleni ya malori na mawazo yake kwenye karatasi za forodha. Kumbe nchi aipitayo ni picha kamili. Kilichopungua ni mchoraji tu.

Alfajiri jua huchomoza upande wa Kenya. Mlima Elgon huonekana kwa mbali kama moshi wa samawati, na umande hung'aa juu ya wimbi na mihogo. Mwamba wa Tororo, upande wa magharibi, hupata rangi ya waridi. Adhuhuri rangi zote hupauka, na mabati ya nyumba humeremeta hata macho yakauma. Jioni jua huzama nyuma ya mwamba uleule, nao husimama mweusi huku anga likiwaka kama kaa la moto.

Mwaka 1874 Claude Monet na wenzake walionyesha mjini Paris picha zilizochekwa na wengi. Walitaka kuinasa nuru ya kitambo kimoja kabla haijageuka, tena wakaonyesha kwamba kivuli si lazima kiwe cheusi. Mwenye shaka na autazame mwembe wa Kwapa: kivuli chake juu ya udongo mwekundu kina zambarau ndani yake.

Lakini nchi bila watu ni ukiwa. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyefundisha Makerere, alilijua hilo. Mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku. Picha hiyo imehifadhiwa New York. Bila wanaume wale, usiku ule ungekuwa giza tu.

Watu wa Kwapa nao wamo pichani: mkulima nyuma ya maksai wake, na wazee wa Kiteso waliozunguka chungu cha pombe, kila mmoja na mrija wake. Wengi wana ndugu ng'ambo. Mpaka umegawa jamaa, haukugawa nuru. Jua limwangazialo shangazi Kenya ndilo limwangazialo mtoto wa kaka yake Uganda.

Jioni mama mwenye dumu la njano kichwani humjia askari wa zamu, jua likiwa nyuma yake. Kwanza askari huona umbo jeusi lisilo na sura. Akisubiri hatua chache, huiona njano ya dumu, kisha huuona uso.