Kabla Ulipie Chasisi ya Beetle, Soma Hiyo Namba

Kuna kauli moja utaisikia Kirinyaga Road ukiulizia spea za Volkswagen za zamani: "Chasisi ya Beetle ni moja tu, boss. Yoyote inaingia."

Shida ni kwamba nusu yake ni ukweli.

Anko wangu ana Beetle ya 1967, ile ya paa la turubai la kukunja. Imelala Dagoretti chini ya hema tangu niwe mtoto. Hizo za wazi zilikuwa zinajengwa na Karmann, kampuni ya Osnabrück huko Ujerumani, na Nairobi si nyingi. Ukiinua kiti cha nyuma cha hii yetu, unaona nyasi. Betri ya Beetle hukaa hapo chini, upande wa kulia, na asidi ikivuja miaka na miaka inatafuna sakafu mpaka inaisha. Na usiniambie eti tuagize ingine nzima majuu. Kanuni ya KS 1515 inazuia kuingiza magari yaliyozidi miaka 8. Hii iliyo hapa ndiyo ya kuokoa.

So tukashuka tao, mimi na binamu yangu, kuangalia chasisi moja tuliyoambiwa ni "ya gari la wazi kabisa, original". Mwenye duka alikuwa poa, hata chai alituagizia. Mimi nikaomba kitambaa na mafuta taa kidogo.

Namba ya Beetle imepigwa kwenye ule mgongo wa katikati wa chasisi, chini ya kiti cha nyuma. Kuanzia Agosti 1964 ina tarakimu tisa, na zile tatu za kwanza zinaongea. Mbili ni aina ya gari, ya tatu ni mwaka wa modeli. 11 ni Beetle ya paa la chuma. 14 ni Karmann Ghia. 15 ni ya wazi. Ya anko inaanza na 157. Hii ya duka, baada ya kusugua uchafu wa miaka hamsini, ilisema 117.

Jamaa akacheka. "Lakini si itaingia?"

Itaingia, ndiyo. Hapo lazima niwe mkweli. Chasisi ya 117 na ya 157 zina urefu sawa kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, milimita 2,400, na bodi inafungwa kwa bolti kuzunguka ukingo. Mahali mambo yanaharibika ni ukiletewa ya Super Beetle, zile 1302 na 1303. Mbele yake imejengwa tofauti kabisa kwa sababu ya shokamzoba za MacPherson, na ina urefu wa milimita 2,420. Ya Karmann Ghia nayo ni pana kuliko ya Beetle. Angalia pia nyuma: kama ilikuwa na mfumo wa IRS, kuna mabano yaliyochomelewa ambayo chasisi ya kawaida haina.

Lakini nguvu ya gari la wazi haiko kwa chasisi pekee. Beetle ya kawaida inashikiliwa na paa lake. Karmann alipoliondoa, alichomelea vyuma vizito chini ya bodi, kando kando, chini ya milango. Hivyo vikioza, hata ukileta chasisi mpya kabisa, gari litajikunja katikati kama mkate wa boflo. Utajua kwa mlango: mwanya wa juu unakuwa mwembamba kuliko wa chini, na mlango unaanza kukwama. Ndiyo maana nikisikia fundi akisema "tukate paa la hii saloon tuiweke kwa hiyo chasisi, wikendi moja tumemaliza", mimi huchukua jaketi yangu. Hilo gari litabeba watu Ngong Road, bana.

Halafu kuna logbuku. Namba ya chasisi ndiyo kitambulisho cha gari. Ukibadilisha chasisi nzima, karatasi zinasema 157 na chuma kinasema 117, na itabidi uwaeleze NTSA ilikotoka. Ile tuliyoonyeshwa haikuwa na karatasi yoyote. Inaweza kuwa ya gari lililokufa kiungwana, inaweza kuwa ya gari la mtu aliyelia polisi. Na yule atakayekuambia "tunasaga hiyo namba tunapiga yako" anakuuzia kesi.

Binamu yangu bado amekasirika. Anaona tuliacha chasisi nzima, imenyooka, kwa sababu ya tarakimu moja. Mimi nasema mgongo wa anko haujaoza, namba yake inasomeka, kwa hivyo tununue mabamba ya sakafu pekee, kushoto na kulia, tuyachomelee kwa mgongo ule ule. Kazi ni ndefu zaidi, ndiyo. Anko mwenyewe, tulipomuuliza, alisema tu, "Kijana wangu, fanyeni lile ambalo mtanipeleka Limuru nalo na nirudi."

Jumamosi tunaanza na vyuma vya kushikilia milango, kabla bodi haijainuliwa hata inchi moja. Binamu amekubali kuja. Amesema anakuja kuangalia tu.