Mkono wa Maji

Kiswahili kinalipenda jasho. Mtu akila cha halali tunasema amekula jasho lake. Mchumia juani hulia kivulini, tunaambizana, na toka juani mpaka kivulini ni jasho tupu. Lakini jasho hilo linalosifiwa ni la paji la uso na mgongo, la kuli wa bandarini na la mama aliyejitwika ndoo. La viganjani sijalisikia kwenye methali hata moja. Lenyewe linaitwa woga, au uongo. Wengine wanafika mbali zaidi: huyu ana lake jambo.

Basi mimi ni mtu wa jasho la viganjani. Tena si lile la kulowa kidogo, la hasha. Hata Julai, nimekaa zangu kivulini, Kusi inapiga, matone yanajipanga vidoleni kama umande. Niko hivi tangu darasa la tatu, na mama yangu mdogo yuko vivyo hivyo. Shuleni madaftari yangu yalijikunja kama chapati na wino ukatambaa. Mwalimu mmoja alinirudishia insha bila kuisoma, akaliambia darasa kwamba ameletewa tambara la deki. Tangu siku ile naandika nikiwa nimetandika kitambaa chini ya kiganja. Hata haya unayosoma, ndugu msomaji, yameandikwa juu ya kitambaa.

Na salamu je? Dar es Salaam salamu ni mkono. Washikaji wanashikana, wanaachia, wanashikana tena mpaka habari ziishe. Mimi nina mbinu zangu: nabeba vitu mikono yote miwili, napunga kwa mbali, najifuta kwenye suruali mtu akiwa bado hatua kumi. Msichana mmoja niliyempenda aliniuliza, "Mbona unaniogopa?" Simwogopi hata chembe, lakini ningemweleza nini, na mkono umeshanisemea?

Ndipo nikaanza kuisoma ngozi, kama mtu anayemsoma jirani mkorofi. Ngozi ina tabaka la juu, jembamba, ambalo hujimenya na kujifanya upya kwa muda wa kama mwezi hivi. Humo zimo seli zinazotengeneza rangi. Mweusi na Mzungu idadi yao ya seli hizo inakaribiana. Kinachotofautiana ni rangi zinayoitoa. Chini yake kuna tabaka nene lenye mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, mashina ya nywele na tezi za jasho. Chini kabisa ni mafuta. Tezi za jasho ni kijibomba kilichojikunja huko chini kama uzi, kikapanda mpaka juu. Mtu mmoja anazo kati ya milioni 2 na 4, na viganjani na kwenye nyayo ndiko zilikosongamana zaidi. Mirija yake ikiziba wakati wa joto, unatoka harara. Joto huamsha tezi za mwili mzima, ila zile za viganja na nyayo husikiliza zaidi moyo: furaha, hasira, mtihani, mapenzi.

Daktari wa ngozi aliniambia tezi zangu ni nzima, si kubwa wala si nyingi kuliko zako. Ni mishipa ya fahamu inayozipigia kelele kupita kiasi, mishipa ambayo haichukui amri kwetu. Ugonjwa unaitwa haipahidrosisi, mara nyingi huanza utotoni au ujanani, hutembea katika ukoo, na usingizini jasho hukatika. Kisha akanitajia dawa. Kuna ya kupaka usiku, yenye aluminiamu kloridi, inayoziba mirija. Kuna kuloweka viganja kwenye maji yanayopitishwa umeme mdogo. Kuna sindano za botulinamu, ambazo nguvu yake huisha baada ya miezi. Na kuna upasuaji wa kukata mshipa wa fahamu kifuani: viganja vinakauka, lakini wengi huanza kumwaga jasho mgongoni na tumboni. Nikachukua ya kupaka. Imepunguza, haijamaliza.

Nikiwa natoka, nikamwuliza kama kuna mtu asiyetoka jasho kabisa, maana nilikuwa namwonea wivu. Akasema, "Usimwonee. Baka lisilotoka jasho wala kusikia maumivu ndilo linalotutia hofu sisi."

Maneno hayo nikaenda nayo mpaka kwa fundi viatu wa kona yetu. Nyayo zangu nazo hazijambo, soli zinaoza upesi, kwa hiyo mimi na yule mzee tunajuana. Mkononi alikuwa na baka, limefifia kuliko ngozi nyingine. Siku moja ya Januari aliniambia akicheka kwamba mkono mzima unalowa isipokuwa hapo. Halafu nikamwona msharasi umemchoma kidole, damu inatoka, naye anaendelea kushona. Sikuwahi kuona mtu asiyejua kwamba anatoka damu.

"Mzee, twende hospitali."

"Kwa alama hii? Mwanangu, mbalanga haiui mtu."

Nilimwandama wiki nzima mpaka akakubali. Kule walimfumbisha macho, wakamgusa kwa pamba. Pembeni ya baka alisema "hapo". Juu ya baka alinyamaza. Ulikuwa ukoma.

Jina hilo lina uzito, jamani. Lakini tangu 1873 Hansen wa Norwei alikwisha kuonyesha kwamba ni kijidudu, wala si laana. Hushambulia mishipa ya fahamu, ndiyo maana baka linakosa hisia, jasho na hata vinyweleo. Hauambukizwi kwa kushikana mikono. Tangu 1995 dawa zake hutolewa bure kupitia Shirika la Afya Duniani, na mtu humeza kwa miezi 6 au 12 kulingana na hali yake. Yeye walimpa ya 6. Kijidudu kinakufa, ila mshipa uliokwisha kuharibika huenda usirudi. Kidole chake kimoja hakijarudi.

Mtaa ulisikia. Viatu vikapungua kibandani. Siku aliyomaliza dozi nilipita, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba na kunyoosha mkono. Sikujifuta kwenye suruali.

"Lo!" akasema, bado kanishika. "Wewe Mungu kakumiminia hata la kwangu."

Tulicheka mpaka muuza kahawa akageuka. Siku hizi kila jioni kabla ya kufunga anakagua vidole vyake kimoja kimoja kwa macho, kwa kuwa kile kimoja hakimwambii kitu. Wateja wengine wamerudi. Wengine wanapita upande wa pili wa barabara, na soli zao zimeachama.