Sauti Juu ya Picha: Somo Kutoka Kabalagala

Kabalagala ni mtaa wa Kampala ulio kando ya barabara iendayo Ggaba, kwenye Ziwa Viktoria. Jina hilo ni pia jina la andazi la ndizi mbivu na unga wa muhogo. Hapo ndipo yalipo makao ya 32° East, kituo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 2011. Wasanii wa siku hizi hutumia video kuyachunguza maisha ya kila siku na jinsi watu wanavyohusiana. Lakini kwa maoni yetu, Kampala ilikwisha kuwa na msanii wa namna hiyo zamani, ingawa hakuna aliyemwita msanii. Huyo ni VJ, yaani mchekeshaji wa video.

VJ alifanya kazi yake katika kibanda, ambamo watu walilipa kiingilio kidogo, wakakaa kwenye mabenchi, wakatazama filamu za Hong Kong, Bara Hindi na Marekani. Alishika maikrofoni akasema kwa Kiganda juu ya picha. Hakufasiri tu. Aliwapa wahusika majina ya kienyeji, akawakemea, akawahurumia, akaufananisha mji wa ugenini na mitaa ya Kampala. Katika filamu ya Who Killed Captain Alex?, aliyoitengeneza Isaac Nabwana huko Wakaliga mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie imekuwa sehemu ya filamu yenyewe. Dar es Salaam nako, Lufufu alijipatia sifa kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili.

Wako walimu wenzetu watakaosema kwamba huko ni kuipotosha kazi ya mtu. Hoja hiyo ina uzito, maana mfasiri ana amana. Hata hivyo, ndani ya kibanda limo wazo ambalo hatuna budi kulitafakari: picha haijakamilika mpaka mwenyeji aisemee. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wazo hilo tulilijaribu darasani. Tuliwaonyesha wanafunzi video fupi isiyo na sauti: abiria na mwendesha bodaboda wakipatana nauli, na kando yao muuza chapati. Tukawaambia waiseme kwa Kiswahili. Kijana wa kwanza alimfanya abiria aseme, "Wewe, nipeleke Ggaba." Darasa zima liliguna. Kwa Kiganda, abiria angalianza kwa salamu na neno *ssebo*. Basi kwa Kiswahili aitweje? Bwana? Ndugu? Kaka? Na kama ni mtu mzima, je, si mzee? Ubishi uliendelea hata kengele ikalia. Vitabu vyetu vilikuwa vimewafundisha ngeli na nyakati, lakini swali la heshima liliibuliwa na picha iliyonyamaza.

Jambo hili si dogo kwa Uganda. Idi Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa watu wengi kikabaki lugha ya amri na ya bunduki. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sheria yaweza kumketisha mtoto darasani, lakini haiwezi kumfanya aione lugha kuwa yake. Ikiwa atakutana nacho katika sentensi za kuamrisha tu, atakichukulia kama walivyokichukulia wazee wake.

Basi twapendekeza kwa walimu wenzetu zoezi hili jepesi. Tafuteni picha za maisha ya kawaida, sokoni, stendi, kisimani, zimeni sauti, waacheni wanafunzi waseme. Sarufi isahihishwe baadaye, na itasahihishwa kwa furaha, maana mwanafunzi atakuwa anatengeneza maneno yake mwenyewe. Siku atakayojua amwiteje mgeni njiani bila kumwudhi, Kiswahili kitakuwa kimekwisha kuondoka kambini na kuingia nyumbani.