Chumvi Kwenye Chupa

Chupa ilikuwa ya soda, ya kioo, imeoshwa na kuanikwa hadi ikakauka kabisa. Mama mmoja muuza mahindi pale Suam aliishika shingoni, akatia mahindi hadi kama theluthi, akaongeza chumvi kavu, akaziba mdomo kwa kiganja na kutikisa. Kisha akaiacha itulie juu ya gunia.

"Tazama kioo, kijana wangu."

Nikatazama. Chumvi yote ilikuwa imeshuka chini, hakuna chembe iliyong'ang'ania kioo.

"Hayo yamekauka. Sasa leta hicho kimashine chako."

Kimashine, mita yangu ya kupima unyevu, kikasoma asilimia 14.6.

Ilikuwa mwisho wa Novemba 2020. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa stashahada ya kilimo. Chuo kilikuwa kimefunguliwa tena baada ya miezi ya korona, na kila mwanafunzi alitakiwa afanye utafiti wake peke yake: achague swali, akusanye data, aandike sura tano, kisha azitetee mbele ya walimu. Mimi ni mtoto wa Bungoma. Karo yangu yote imetoka kwenye mahindi, na zaidi ya mara moja nimemwona baba akirudishwa na gunia lake sokoni akiambiwa ni bichi, naye ameliapia kuwa ni kavu. Swali langu lilitoka hapo. Je, njia za wakulima, yaani kung'ata punje, kusikiliza mlio wa mahindi yakimwagwa na hiyo chupa ya chumvi, zinakubaliana na mita ya mnunuzi?

Nilichagua Suam kwa sababu mahindi ya Bukwo, upande wa Uganda, na ya Endebess, upande wetu wa Kenya, hukutana pale kwenye mto utokao Mlima Elgon. Kutoka Kitale ni kama kilomita 45, na barabara wakati huo ilikuwa ingali inajengwa. Nilifika kila mara nikiwa na rangi ya vumbi lake. Mita niliazimwa na mfanyabiashara wa nafaka wa Kitale kwa sharti kwamba isilale nje ya nyumba yangu.

Wiki mbili za kwanza zilipotea. Nilikuwa nafungua mdomo wa gunia, nachota konzi moja, napima, naandika, na daftari likijaa nikafurahi. Mzee mmoja aliyekuwa akipakia lori akanitazama kwa muda, akaniuliza kama kwetu ugali hujulikana umeiva kwa kutazamwa juu. Akachukua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji, akalichoma gunia ubavuni. Punje za katikati zikamiminika kiganjani mwangu, nazo zilikuwa na ubaridi ambao zile za juu hazikuwa nao. Nilipozipima nikakaa chini. Mdomo wa gunia hupigwa jua na upepo. Maji hujificha tumboni.

Usiku ule nilikata kurasa zote kwa kalamu nyekundu. Msimamizi wangu alipoziona alisema neno moja tu: usizing'oe. Zikabaki daftarini, na katika sura ya tatu nikaeleza kwa nini sikuzitumia. Kuandika aya ile kulinichukua muda mrefu kuliko sura nzima ya pili.

Sasa nirudi kwenye chupa. Halmashauri ya Taifa ya Nafaka na Mazao hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Chumvi nayo huanza kushika kioo unyevu ukifika karibu 15. Katikati ya namba hizo mbili pana uwazi, na ndani ya uwazi huo ndimo alimosimama baba yangu miaka yote ile, akiapa. Mama wa Suam alikuwa akisema kweli. Mita pia ilikuwa ikisema kweli. Vipimo vyao vina mipaka tofauti, na hakuna aliyewahi kumweleza mwenye gunia hivyo; alichoambiwa ni kwamba amejaribu kudanganya. Nilipouona uwazi huo kwenye jedwali langu nilitaka kumpigia baba simu saa ile ile, lakini ilikuwa saa nane za usiku. Nilimpigia kulipopambazuka. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza: "Hiyo utaiandika?"

Niliiandika. Kazi ilikuwa karibu kuisha, imebaki kuchapishwa na kufungwa jalada, wakati Ijumaa ya tarehe 5 Machi 2021 serikali ilipopiga marufuku mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya aflatoksini, sumu ya kuvu. Siku chache baadaye marufuku iliondolewa, ila kwa masharti: waagizaji wasajiliwe, na kila shehena iwe na cheti kuonyesha kuwa sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Nilikuwa nimesoma habari za sumu hiyo. Mwaka 2004 iliua watu 125 nchini, wengi wao Makueni na Kitui.

Nilirudi Suam wiki iliyofuata, kwa kuwa niliahidi kuwaletea majibu. Mama yule alikuwa ameketi, magunia yake yamefunikwa turubai. Nikamweleza juu ya 13.5 na 15, nikamwambia aendelee kuanika siku mbili tatu zaidi hata chupa ikishasema ndiyo. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema:

"Wewe si ndiye uliyekuwa unapima mahindi hapa? Basi waambie hawa wa mpakani kwamba yangu hayana sumu."

Nilikuwa na daftari zima la vipimo vya mahindi yake, na sikuweza kumpa alichoomba. Kuvu hustawi penye unyevu, kweli, lakini inaweza kuingia mahindi yangali shambani, na sumu ikishakuwamo, kuanika hakuitoi. Punje kavu kabisa yaweza kuwa nayo.

"Nilipima maji tu, Mama," nikamwambia. "Sumu hupimwa maabara."

"Na mimi mwenye magunia sita, hiyo maabara nitaifikiaje?"

Jioni hiyo niliingia saiba moja ya Kitale, nikamwomba kijana wa pale asichapishe kwanza. Nikafungua sura ya tano, kwenye mapendekezo ya utafiti zaidi, nikafuta sentensi mbili nilizokuwa nimeziiga kwenye kazi za waliotangulia, na mahali pake nikaandika swali la yule mama, kama alivyoliuliza.