Mwizi Hana Likizo

Shule zikiwa zimefungwa Desemba, jamaa nyingi za Nairobi hufunga safari ya Mombasa. Watoto wana hamu ya bahari nao wazazi wanataka kupumzika. Lakini kumbuka, msomaji, kwamba pesa za matembezi na karo ya Januari mara nyingi hukaa mahali pamoja: ndani ya simu moja. Simu hiyo ikiibwa ufuoni, hasara haiishii ufuoni. Mtoto ndiye atakayebaki nyumbani wenzake wakirudi darasani.

Wengi hudhani dawa ya wizi ni mkoba wenye kufuli kubwa. La hasha! Mwizi hutafuta nafasi, na nafasi huipata pale macho yako yanapogawanyika: unapopanda gari, unaposhuka, unapolipa na unapoogelea. Nyakati hizo ndizo za kupangia mapema.

Anzia nyumbani. Karo ilipe shuleni au iweke benki kabla ya kusafiri. Pesa za safari zigawe baina ya watu wazima wawili. Bonyeza *#06# kwenye simu yako, uinakili nambari itakayotokea na uiache nyumbani. Kama nambari yako ya siri ya M-Pesa ni mwaka wako wa kuzaliwa, ibadilishe leo. Mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho, na aghalabu kitambulisho na simu huibwa pamoja. Wala usiwatangazie watu kwenye WhatsApp au Facebook kwamba nyumba yako itakuwa tupu. Jirani mmoja unayemwamini anatosha.

Ukisafiri kwa basi, kata tiketi ofisini, na usikubali mtu usiyemjua akupokee mzigo eti akusaidie. Ukipewa biskuti au soda na abiria mgeni, jibu kwa upole, "Ahsante, nimeshiba." Wako waliokula wakalala fofofo, wakaamka bila mali. Waonye watoto pia. Basi likisimama Mtito Andei, msishuke nyote mkaacha mikoba vitini.

Kwa wanaotumia treni ya Madaraka Express, iliyoanza 2017, mizigo hukaguliwa kabla ya kupanda, nawe hutengana nayo kwa muda. Masanduku meusi yanafanana kama maharagwe. Funga kipande cha leso kwenye mkono wa sanduku lako ulitambue kwa mbali. Tena, stesheni ya Mombasa iko Miritini, nje ya kisiwa, na hapo ndipo wengi hujisahau wakidhani wamefika. Jueni kabla ya kushuka mtapanda gari gani, na mpatane nauli kabla mizigo haijaingia ndani.

Kwenye feri ya Likoni watu husongamana. Begi la mgongoni lilete kifuani, simu itoe kwenye mfuko wa nyuma, na mkono mmoja uwe huru kumshika mtoto. Mtu akikukanyaga au akikumwagia kitu ghafla, shika mali yako kwanza ndipo ugeuke.

Ufuoni, kwa mfano kule Bamburi, kosa kubwa ni familia nzima kuingia majini kwa pamoja. Ogeleeni kwa zamu. Anayebaki achunge mikoba, pamoja na watoto walio majini. Mikoba msiiweke karibu na maji, kwani bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wimbi halibishi hodi. Kabla ya kupanda ngamia, kukodi boya au kupigwa picha, uliza bei.

Haya yote hayamaanishi kwamba kila Mmombasa ni wa kushukiwa. Wenyeji wengi ni wakarimu na watakuelekeza vizuri. Ukitaka kuuliza njia, ingia dukani au muulize muuza madafu aliyekaa na biashara yake, badala ya yule anayekufuata.

Na ukiibiwa? Mwizi akiwa na silaha, mpe anachotaka. Simu hununuliwa, uhai haununuliwi. Ukimwona mwizi akikimbia, usiuite umati umpige, maana wako waliouawa hivyo bila kosa. Kama laini yako ni ya Safaricom, azima simu ya Safaricom upige 100 mara moja, laini na M-Pesa zifungwe. Kisha nenda kituo cha polisi ukiwa na ile nambari ya simu uliyoinakili, uandikishe ripoti na upewe hati ya kuthibitisha. Utaihitaji unapotafuta kitambulisho kingine.

Usiku wa kuamkia safari, iketishe familia yako dakika kumi. Kila mmoja ajue atabeba nini, atamshika nani mkono, na mkipotezana mtakutania wapi. Safari njema!