Goma: "Iko inanuka moto", fundi wa simu na ladha ya kuungua ndani ya vapu

Birere, kati ya meza za mafundi wa simu, kuna kazi mpya imeingia kimya kimya. Vijana wanaleta sigara za umeme, zile wengi wanaita vapu, na karibu wote wana lalamiko moja: inanuka moto. Wanavuta, koo linawaka, mdomoni inabaki ladha ya nguo iliyoungua. Kununua kichwa kipya ni kutoa dola, na dola zimekuwa ngumu muji mzima. Kwa hiyo mtu anajifungia waya mwenyewe, anapitisha pamba aliyoipata popote, anajaza maji, anavuta. Ikimshinda, anatafuta fundi.

Fundi anayesimuliwa hapa ni baba wa watoto watatu. Alikimbia Sake mwezi wa pili 2024, wakati vita ilikaribia kule, akaishi Bulengo chini ya shitingi, na sasa amepokelewa na familia moja ya kata Ndosho. Yeye havuti, wala sigara ya kawaida wala hii ya umeme. Bibi yake hapendi kazi hiyo hata kidogo. "Baba watoto, unatengenezea vijana kitu cha kuharibu kifua," amemwambia zaidi ya mara moja. Fundi hana jibu zuri la kumpa, ila kwamba shule inadai na simu za kutengeneza zimepungua. Lakini neno lile halikupotea bure. Tangu siku hizo, kabla ya kushika chombo cha mtu, anataka kwanza kujua ule moto unatoka wapi.

Kwa watu wengi, jambo lenyewe linaeleweka kwa taa ya kopo. Kila aliyelala kambini anaijua: kopo, petroli, utambi wa kitambaa. Petroli ikiwa nyingi, utambi unaivuta juu polepole, na kinachowaka ni petroli, si kitambaa. Petroli ikiisha, moto unakula kitambaa chenyewe, hapo moshi mweusi na harufu mbaya. Ndani ya vapu ni hivyo hivyo, isipokuwa hakuna moto wa wazi. Kuna waya mwembamba uliozungushwa kama springi, ndiyo rezistansi. Katikati yake inapita pamba. Ncha za pamba zinalala ndani ya maji. Batri inapasha waya, maji yaliyo kwenye pamba yanageuka mvuke, na pamba inatakiwa kuvuta maji mengine haraka kabla ya mtu kuvuta tena. Ikichelewa, waya unakuta pamba kavu.

Na pamba kavu hairudi nyuma. Mama aliyeunguza sufuria ya maharagi anajua: unaweza kuongeza maji, chumvi na kitunguu, ile ladha ya moto bado iko ndani. Vijana wengi wanafanya kosa hapo. Wanaongeza maji ya vapu juu ya pamba ambayo imeshakuwa nyeusi, wanavuta tena, wanasema maji ni mabaya. Wanabadili maji. Wanapoteza pesa mara mbili. Fundi anafungua, anachomoa pamba, anaionyesha kwa mteja. Ikiwa katikati ni nyeusi au kahawia ya kukauka, inatupwa, hakuna mjadala.

Swali lake la kwanza ni moja: ilianza lini? Anasema jibu la swali hilo linamfanyia nusu ya kazi.

Kama moto ulisikika tangu pumzi ya kwanza baada ya kubadili pamba, mara nyingi mtu hakungoja. Pamba mpya inataka kuloweshwa kwa mkono, matone machache juu ya springi yenyewe, halafu chombo kikae kama dakika 10 ndipo kivutwe. Vijana wanajaza na kuvuta papo hapo. Pamba nje imelowa, katikati bado kavu, na katikati ndiko kuna moto.

Kama pumzi ya kwanza ni nzuri, ya pili nzuri, ya tatu inaunguza, basi pamba inavuta maji lakini polepole kuliko yanavyotumika. Hapo fundi anaangalia pamba ilivyopakiwa. Ikikazwa sana ndani ya springi, maji hayapiti, kama bomba lililobanwa. Ikiwa chache mno, haigusi waya vizuri na haibebi maji ya kutosha. Kipimo chake ni cha mkono: akiivuta, pamba iteleze ikikwaruza kidogo, lakini isiukunje waya. Anaangalia pia kama ncha hazikuziba vitundu vya kupitishia maji. Maji yenyewe nayo yana mchango. Yametengenezwa na vitu viwili, propileni glikoli ambayo ni nyepesi, na gliserini ambayo ni nzito kama asali. Gliserini ikiwa nyingi, maji yanatembea polepole, na baridi inayazidisha uzito. Goma iko mita karibu 1,500 juu ya bahari na asubuhi yake si ya kuchezea. Mtu anayevuta saa kumi na mbili asubuhi, chombo kikiwa kimelala sakafuni, asishangae.

Kama ilikuwa nzuri siku nyingi halafu ikaharibika kidogo kidogo, mara nyingi chanzo ni vitu vya kutia utamu. Maji yenye ladha ya bonboni au embe yana utamu unaobaki juu ya waya na kuungua, tabaka juu ya tabaka, mpaka springi inavaa gamba jeusi kama chini ya sufuria ya sukari iliyoungua. Hapo kubadili pamba peke yake hakutoshi. Waya unasafishwa, au unabadilishwa.

Sehemu nyingine ni hesabu, na hapa fundi wa simu anamzidi kijana wa mtaani kwa sababu ana kifaa cha kupima. Batri moja ya lithiamu ikijaa inatoa volti 4.2. Kwenye chombo ambacho hakina kipande cha kupunguza nguvu, rezistansi ya omu 1 inavuta amperi 4.2 na kutoa joto la wati karibu 18. Ukipunguza waya mpaka omu 0.5, inakuwa amperi 8.4 na wati 35. Joto limezidi mara mbili, pamba ni ile ile. Wengi wanapenda omu ndogo kwa sababu ya moshi mwingi, halafu wanashangaa kwa nini inaunguza. Wanaotumia waya wa resho ya umeme, ambao ni nikeli na kroma, wanakutana na hilo kwa sababu waya ule ni mnene. Mizunguko 10 inaweza kukupa chini ya omu 1. Anayetoa waya kwenye kamba ya chaja amefanya hatari zaidi. Ile ni shaba, karibu haina rezistansi yoyote. Batri inajikuta kama imefungwa mlango kwa mlango, inachemka, inavimba, na ikiamua kuwaka ndani ya mfuko wa suruali hakuna wa kuizima.

Springi mpya anaiwasha kwanza bila pamba, kwa kugusa kidogo kidogo. Inatakiwa ianze kuwa nyekundu katikati na kutembea kwenda pembeni. Mzunguko mmoja ukiwaka peke yake kabla ya mingine, hapo ndipo pamba itaungua hata ukiweka maji ya aina gani. Anaipapasa kwa koleo ndogo ikiwa imezimwa, anaiwasha tena, mpaka ilingane. Kuna jambo moja ambalo mafundi wenzake wanalifanya na yeye halikubali: kuunganisha waya wa springi kwa risasi ya kulehemu simu. Risasi ya kawaida ya elektroniki, ile ya bati na risasi, inayeyuka kwenye digrii 183. Maji ya vapu yenyewe yanachemka kati ya digrii 188 na 290. Maana yake risasi itayeyuka kabla mvuke haujatoka vizuri, na risasi ni sumu. Waya unakazwa kwa skrubu, basi.

Ule ukali wa kooni si ladha tu. Mama anayekaanga mikate barabarani, mafuta yakipita kiasi kwenye mbabula, anajua moshi unaochoma macho na kukaba pumzi. Ndani ya moshi ule kuna kitu kinaitwa akrolini, kinachotoka kwenye gliserini iliyomo ndani ya mafuta ikiunguzwa. Maji ya vapu yana gliserini pia. Pamba ikikauka na waya kuzidi joto, akrolini inatoka, pamoja na formaldehaidi, ile gesi iliyomo ndani ya formalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Mama wa mikate anageuza uso. Kijana wa vapu anakivuta mpaka chini ya kifua. Kwa hiyo anayesema "nitazoea" anazoea kitu ambacho mwili wake unakataa kwa haki.

Kuna mteja mmoja, motari wa miaka ishirini na kitu, aliyefika mezani jioni moja akiwa na haraka. "Yaya, hii kitu iko inaniunguza koo, nitengenezee mbio mbio, niko na mteja." Fundi alifungua. Ndani hakukuwa na pamba. Kulikuwa na kipande cha sponji ya godoro, kimeyeyuka na kushika waya. Akauliza maji yalitoka wapi. Kijana akajibu bila aibu kwamba yalipobaki machache aliyaongeza kwa mafuta ya kupikia, "si yote ni mafuta?"

Si yote ni mafuta. Propileni glikoli na gliserini zinachanganyika na maji. Mafuta ya kupikia hayachanganyiki, na yakiingia kwenye mapafu kama mvuke yanabaki pale na kuleta uvimbe ambao waganga wanauita nimonia ya mafuta. Marekani waliona jambo la jamii hiyo mwaka 2019. Vijana wengi waliofika hospitalini wakishindwa kupumua walikuwa wamevuta vapu zenye maji ya bangi ya magendo, na ndani yake kulikuwa na mafuta ya vitamini E yaliyowekwa kuyaongeza uzito. Hadi mwezi wa pili 2020, walioandikishwa kulazwa au kufa walikuwa 2,807, na waliokufa 68. Wengi walikuwa chini ya miaka 35. Sponji nayo ina mambo yake: ile ya godoro ikiunguzwa inatoa gesi za sumu, sianidi ikiwemo. Nyuzi za koti na mito, ambazo ni polista, zinayeyuka kwenye digrii 250 na kidogo, yaani ndani ya joto la kazi ya kawaida ya springi. Kinachofaa ni pamba safi ya famasi, isiyo na manukato, na hata hiyo wengine wanaichemsha kwanza kwa maji safi na kuianika ikauke kabisa.

Fundi alimrudishia motari chombo chake wazi, kimefunguliwa, akamwambia hatakifunga. Angepata franka 3,000. Kijana alimuita mwoga, akasema atapeleka kwa mwingine, meza tatu mbele. Huenda alipeleka. Fundi alimfuata hatua chache akamuuliza kama anakohoa usiku, kama anahisi kifua kizito akipanda mlima wa Goma. Motari alisimama kidogo. "Usiku, ndiyo," akasema, halafu akawasha pikipiki. Ushauri aliopewa kupitia moshi wa pikipiki ulikuwa mfupi: aache kuvuta kile kitu leo, aende kituo cha afya, na akifika aseme wazi kwamba alivuta mafuta, asifiche, maana muuguzi asiyejua hilo atampa dawa ya kikohozi na kumrudisha nyumbani.

Kuhusu familia zinazoishi wengi chumba kimoja, fundi ana masharti mawili anayowaambia wote, hata wasipomuuliza. Chupa ya maji ya vapu isikae sakafuni wala kwenye dirisha. Yananukia bonboni, na nikotini iliyomo, hata kidogo, inaweza kumtapisha na kumuua mtoto mdogo. Ikimwagika kwenye mkono, inanawishwa mara moja kwa sabuni kwa sababu inapita kwenye ngozi. La pili ni batri. Vapu iliyokufa inatupwa kwenye takataka, takataka zinachomwa, na batri ya lithiamu ndani ya moto inapasuka. Katika nyumba ya mbao au chini ya shitingi, cheche moja inatosha. Yeye anazitoa, anafunika ncha zake kwa skochi, anaziweka ndani ya kopo la maziwa lenye mchanga mkavu, nje ya nyumba, mahali watoto hawafiki. Kopo la kwanza limejaa, la pili liko nusu, na mpaka sasa hajapata mtu wa kuzichukua.