Ng'onda wa Ziwani

Atokaye Mombasa kwenda Kisumu huandamana na historia. Reli iliyoanza kujengwa kwetu mwaka 1896 ilifika ukingo wa Ziwa Viktoria mwaka 1901, na mji ule ukaitwa Port Florence kabla ya kurudia jina lake la wenyeji. Ni safari ya kuyaacha maji ya chumvi na kuyafuata maji matamu. Katika likizo ya Disemba tuliifunga safari hiyo, mimi na mama yangu, kwenda kumzuru kaka aliyeoa huko.

Wifi yangu ni Mjaluo, mzaliwa wa Kisumu, aliyesilimu kabla ya nikaha yao. Miaka saba ilikuwa imepita na mama hajapata kukanyaga nyumbani kwake. Alijiandaa kama aendaye jangwani: nazi kumi, papa mkavu, mfuko wa mchele, hata mbuzi ya kukunia. "Samaki wa ziwani wananuka tope," alisema, "nami sitaki kumwaibisha mke wa watu kwa kukiacha chakula chake." Tulipofika Ahero, karibu kuingia mjini, tuliona majaruba ya mpunga yametanda mpaka macho yachoke. Mama akauangalia mfuko wake wa mchele, asinene kitu.

Jumapili wifi alitupeleka soko la Kibuye, siku ambayo soko hufurika watu. Palikuwa na mnavu na mrenda kwa mafungu, sangara ambaye Wajaluo humwita mbuta, ngege wa kukaanga, na vichuguu vya omena, dagaa wa ziwa, wakipimwa kwa gorogoro. Mama alipita akiwa ameshika ncha ya buibui lake, mpaka alipofika kwa bibi mmoja aliyepanga samaki waliopasuliwa, wakafunuliwa kama kitabu na kukaushwa juani. Akasimama. Akamwinua mmoja, akamnusa, akampindua.

"Huyu si ng'onda huyu?"

"Ni obambla, mama," akajibu yule bibi.

Wakaelezana, mmoja jinsi wanavyopasua na kuanika kule ufukoni, mwingine jinsi sisi tunavyotia chumvi kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuondoke Mombasa kumwona mama akicheka. Wifi akanunua wawili.

Nyumbani aliwaroweka, akawaosha, akawachemsha polepole hadi wakalainika. Akatia kitunguu na nyanya, kisha mwishoni akamimina maziwa ya ng'ombe. Mama, aliyekuwa mlangoni, alishtuka. "Maziwa kwa samaki?"

"Ndiyo tui letu, mama."

Mama akavua mtandio. "Basi nipishe nikune nazi, nami nisaidie."

"Kaeni, mama," wifi akasema kwa upole. "Nyinyi ni wageni."

Hapakuwa na kejeli katika sauti yake, lakini maneno hayo niliyajua. Ndiyo mama aliyomwambia kila alipokuja kwetu Mombasa akataka kushika mwiko: kaa, mwanangu, wewe mgeni. Sisi tuliyahesabu kuwa ni heshima. Miaka saba mtu hukaa sebuleni akiletewa sahani, asiambiwe kamwe kuwa mkono wake haujaaminiwa. Mama alirudi ukumbini akaketi. Nilimwona akiutazama mkeka kwa muda mrefu.

Chakula kilipoletwa, pamoja na ugali ambao wao huuita kuon, mama alipiga Bismillahi, akamega, akachovya. Mchuzi ulikuwa mzito, wenye harufu ya jua na moshi kidogo. Alikula mpaka mifupa ikawa meupe sahanini. Kisha akasema, "Mwanangu, kesho nionyeshe maziwa hutiwa saa ngapi, yasikatike." Wifi aliinama kukusanya sahani, akakawia kuinuka.

Jioni ya pili tulikwenda Dunga, ufuko ulio nje kidogo ya mji, kwenye ghuba ya Winam. Baada ya Magharibi mashua zilianza kutoka na taa zao, kwenda kuwavutia omena gizani, kama wavuvi wetu wa dagaa wafanyavyo usiku usio na mwezi. Wifi alitueleza kuwa kila mwaka, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena hufungwa ili wazaliane. Mama alisikiliza, akauliza maswali mengi. Papa wake mkavu alikuwa bado kikapuni.

Surat Faatir, katika aya ya 12, inazitaja bahari mbili, moja tamu na moja ya chumvi, na inatukumbusha kuwa katika zote mbili twapata nyama laini ya kula. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi nisiwaze kuwa yatuhusu sisi watu wa pwani, tunaodhani riziki njema huja na maji ya chumvi peke yake.

Ramadhani iliyofuata wifi alikuja Mombasa na obambla wanne katika gazeti. Mama alimpa mwiko na mbuzi, akatoka jikoni. Tulifuturu kwa ng'onda wa ziwani aliyepikwa kwa tui la nazi.

Enyi mama wenzangu mlio na wakaza wana, msiwakirimu mpaka wakawa wageni wa milele. Mwenyezi Mungu atuunganishie nyoyo zetu na atubarikie vyakula vyetu. Amin.